Mulango Unaovujia Pembeni

Ombeni,

Usishtuke kuona karatasi zinapita chini ya mulango. Si polisi, si muchumba. Ni mimi baba yako, nimeinama kwa shida, na kunyanyuka kutanichukua muda zaidi. Najua haujalala. Kitanda chako kinalia kila unapogeuka, na mutu aliyelala hageuki sawa samaki kwenye kikaango. Rafiki yako Murhula, yeye analala kweli, anakoroma sawa boti ya Goma. Soma polepole. Ukitaka kucheka, cheka kwa pua, usimwamshe bado.

Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini nakujua. Unasikiliza mwanzo, unajibu "ndiyo Papa," unafunga. Karatasi haina pa kubonyeza.

Sitakuambia uvae sweta, usali, uchunge kitambulisho, uogope wasichana. Sweta haujawahi kuvaa, na wasichana wanakuogopa wenyewe. Kesho asubuhi basi litawabeba, mutavuka Ruzizi, mutalala njiani, mutafika Kampala, na mukono wangu hautafika huko. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Nimeona chupa.

Ile chupa ya dawa yako, potasiamu ya Docta Nabintu. Niliitia kwenye sanduku lako mwenyewe, katikati ya mashati. Jioni naenda kuchota makala ya jiko, naikuta nyuma ya gunia, imejificha sawa kuku wa wizi. Chupa haina miguu. Na katika nyumba hii watu wenye miguu isiyoaminika ni wawili tu, mimi na weye, na mimi sikuibeba.

Halafu tukakaa kula. Murhula akakutania: "Ombeni, unakula sawa bibi harusi. Kula bwana, huko Kampala tutabeba mifuko ya sima kutwa nzima kwa chantier ya kujenga ya tonton, mujomba wangu, mbele ya masomo kuanza, na jioni tunapiga bugali mpaka ukanda unakatika." Ukacheka. Ukasema: "Tumbo inaniuma tu." Na kuhusu sima ukatingisha kichwa, eti sawa.

Kubeba sima, mifuko ya saruji, kutwa nzima. Kisha bugali ya kukata ukanda. Kisha kulala. Mutoto wangu, kama adui angekaa chini kutafuta namna ya kukuua bila kisu, asingepanga vizuri kuliko huyu rafiki anayekupenda.

Nataka kitu kimoja tu. Kabla hakujakucha umwambie Murhula ugonjwa wako, kwa mudomo wako, na umwambie cha kufanya siku utakapoanguka. Hapa mbele yangu, juu ya kiti kidogo, kuna sahani imefunikwa. Ni ya nini, nitakuambia mwisho. Mbele ya hapo nakuambia kwa nini siwezi kukuacha uende hivyo.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mabega ambayo sasa ukiniangalia hauwezi kuamini. Kulikuwa arusi ya binamu yangu kule Kalehe, na sisi vijana tulibeba makreti ya vinywaji kutoka ziwani mpaka juu ya kilima, kutwa nzima. Kwetu mubebaji anakula mwisho lakini anakula kuliko wote, na kuacha bugali kwenye sahani ni kumtukana aliyepika. Shangazi yangu Faida ndiye alikuwa anakata. Alikata mulima, nikaumaliza. Akakata mwingine, na samaki sambaza juu yake, halafu chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nikalala kwenye mukeka nikijiona mufalme.

Jogoo alipowika nilitaka kugeuka. Mwili haukujibu. Mukono ulikuwa pale, niliuona, ni kama mukono wa mutu mwingine aliyeusahau kwangu. Macho yalicheza, pumzi ilipita, sauti ilikuwa ndogo sawa ya mbu. Na masikio, Ombeni, masikio yalikuwa mazima. Hiyo unaijua. Hakuna mutu aliyewahi kusikia mazishi yake vizuri kama sisi.

"Huyu amepewa karuho," mumoja akasema. Ile sumu ya polepole ambayo kwetu inabebeshwa kila kifo kisichoeleweka.

"Nani alimukatia bugali?"

"Faida."

Halafu binamu yangu mwingine, mutu wa sala sana, akauliza:

"Iko anatusikia?"

"Hapana. Roho imeshavuka."

"Basi viatu vyake tusizike navyo. Miye niko na muguu sawa wake."

Nililala pale nikimwahidi Mungu kwamba akinirudishia muguu mumoja tu, kazi yake ya kwanza itakuwa kwenye matako ya huyo binamu.

Wakaninywesha maji ya majani machungu. Wakanibeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka dispanseri, na infirmier, muuguzi wa pale, akanitundikia seromu ya sukari, maana kwetu mugonjwa asiyetundikiwa seromu hajatibiwa. Kila tone lililoingia lilinizamisha. Shingo ikaenda. Sauti ya mbu ikaenda. Nikabaki macho. Nilirudi polepole siku iliyofuata, kidole kwa kidole, na kila mutu akachukua sifa zake: mwenye majani, mwenye seromu, na katekista aliyekuwa amelala wakati wote.

Sasa sikia upumbavu wangu. Waliniuliza juu ya Faida. Wabebaji wote tulikula chungu kimoja, nilijua. Lakini mutu aliyepewa karuho ni mutu wa maana. Ni mutu anayeonewa wivu. Mimi ambaye nilikuwa na viatu pea moja, na vyenyewe vimeshapata murithi, ghafla nilikuwa na adui. Ilikuwa tamu. Nikasema: "Bugali ilikuwa na ladha kidogo."

Ladha kidogo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula kwa mukono wa Faida. Mwanamuke aliyejulikana kilima kizima kwa bugali yake, kwenye sherehe akawa anapewa kazi ya kuni. Alikufa kabla sijajua kile kilichoniangusha.

Nikaja Bukavu, nikapata kazi ya sentineli, mulinzi wa lango, kule Nyalukemba, nyumba kubwa yenye kuangalia ziwa. Ugonjwa ukanifuata. Niliujifunza taratibu zake sawa mwizi na mbwa. Ulikuwa unakuja alfajiri, baada ya siku ya kazi nzito na mulo mukubwa. Mbele ya kuanguka mapaja yalikuwa yanakuwa mazito sawa nguo iliyolowa. Hapo nilikuwa na dakika za kutosha kwa hila yangu. Nilificha chupa ndogo ya kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibanda cha ulinzi. Nikisikia mapaja yanalowa, najimwagia kwenye shati, nakaa chini ya ukuta, nangoja.

Patron, mwenye nyumba, anatoka, ananikuta nimelala sawa gunia.

"Umelewa tena, sentineli?"

"Nisamehe, patron."

Anacheka, anaita mutunza bustani afungue lango. Jioni niko kazini. Niligundua kwamba mulevi anachekwa, anasamehewa, anarudi kwenye kiti chake. Mugonjwa wa kitu kisicho na jina anaambiwa aende kwao apumzike, na hakuna anayemuuliza atapumzika mpaka lini. Nilijiona mwerevu sana. Bagira nzima, mutaa wetu huu, ilinijua kuwa mulevi, mimi ambaye glasi moja ya kasiksi inanichoma kifua mpaka kesho yake.

Mama yako naye alijua hivyo. Ndiye alikuwa anafua mashati.

Aliingia kikundi cha sala kwa ajili yangu. Alipiga magoti kwenye sima baridi, alifunga kula siku za Ijumaa, alinitajia watakatifu wanaosaidia walevi, na mimi nilikuwa naangalia dari. Nilikuwa nasema nitamwambia Krismasi. Nitamwambia Paska. Lakini uongo ukishakaa muda murefu unakuwa na kiti chake nyumbani, na kuufukuza ni sawa kufukuza mukwe. Alikufa akiniombea niache pombe. Kwenye matanga yake mama wa kikundi wakaniona nimekaa bila kugusa chupa, wakashikana mikono, wakasema: "Muangalieni. Sala zake zimejibiwa." Nikaitikia amina.

Basi hivyo. Uongo wa mwili wangu sikuubeba mimi. Waliubeba wanawake wawili, mumoja na jungu lake, mwingine na magoti yake. Nakuuliza bila hasira: wa kwako nani ataubeba? Maana huko Kampala siku watakapokukuta hauinuki, watatafuta aliyepika. Na atakuwa Murhula.

Najua kwa nini umeficha chupa. Hapa Bagira watoto walikuita Lazaro. "Lazaro, toka nje," kila asubuhi ukipita. Murhula ametoka Kalehe mwaka huu tu, hajawahi kusikia jina hilo, na unataka kufika kule ukiwa mutu ambaye hajafufuka hata mara moja. Mimi ningefanya hivyohivyo. Njo maana naogopa.

Unakumbuka siku ya mawe. Tulijenga ukuta nyuma ya nyumba, ulibeba tangu asubuhi, ukala sawa mubebaji, ukalala. Alfajiri ukaita: "Papa, miguu imekataa." Nilijua kabla haujamaliza neno. Na unajua nilifanya nini? Nilisimama mulangoni nikiwa na ulimi muzito kuliko miguu yako. Jirani yetu Maman Jakelina alishaanza kutwanga majani ya karuho, na mimi nilimwangalia anatwanga. Mimi niliyejua.

Nilikupeleka kwenye kile kituo cha afya, bado nimenyamaza. Yule kijana infirmier akaning'iniza chupa yake. Nikamuuliza ni nini.

"Glikozi, Muzee, maji ya sukari. Ni udhaifu tu, tunamupa nguvu."

Mwanzoni kichwa chako kilikuwa kinageuka kwenye muto. Nikaangalia matone. Nikaangalia kichwa. Kikaacha kugeuka. Nilikuwa nimeshaiona hiyo filamu, nikiwa ndani yake. Nikainua fimbo, nikaangusha kile chuma chote chini, chupa na mupira wake.

"Muzee, uko unaua mutoto!"

"Hapana. Niko nachelewa kumuokoa."

"Umelewa?"

"Sijawahi kulewa maisha yangu yote."

Huo ndio ulikuwa ukweli wangu wa kwanza, na niliutoa kwa mutu asiyenijua, aliyekuwa anatafuta mulinzi wa kunitoa nje. Lakini macho yako yaligeuka. Ulisikia.

Kelele ndiyo ilimuleta Docta Nabintu. Msichana mudogo, miwani mikubwa, nikafikiri ni mwanafunzi amepotea. Akauliza ulikula nini, ulifanya kazi gani, ulilala saa ngapi. Hakuuliza nani alipika. Akapima damu, akaona potasiamu imeshuka mpaka chini. Akakunywesha unga wa chumvi yake katika maji, kidogo kidogo, na mchana ulichezesha vidole vya muguu nikavihesabu sawa mutoto amezaliwa upya. Baadaye damu yako ikasafiri mpaka Ulaya, kabla ya sisi wote, na jibu likarudi baada ya miezi. Nikamuuliza Docta kama haiwezi kuwa imetoka upande wa wajomba, nipate wa kulaumu. Akasema: "Imetoka kwako, Muzee."

Alitueleza kwa kalamu na karatasi. Weye umeshika maneno yake ya Kifaransa. Mimi nimeshika ya kwangu, na kwa kuwa nimeishia mwaka wa kwanza wa sekondari, sahihisha ukitaka.

Nyama ya muguu ni nyuzi, na kila uzi umezungukwa na ukuta mwembamba. Katika ukuta kuna milango ya kalsiamu. Mulango mumoja ni kamba moja ndefu ya protini, imeshonwa kupita ukuta, inatoka inaingia, mafungu manne, na kila fungu mishono sita. Mafungu yamesimama duara, sawa watu wanne wamezunguka kisima, na katikati ndiyo tundu. Katika kila fungu mushono wa nne ndio sentineli. Umebeba chaji za umeme, na umeme ukipita kwenye ukuta kutoka kwa mushipa wa fahamu, huo mushono unasikia, unateleza, unapanda. Huyo ni mimi kabisa, nimekaa kwenye kiti, klaksoni ya gari inalia, nasimama.

Sasa pale ndipo Docta alinifurahisha. Ndani ya uzi kuna ghala, na kalsiamu yote ya kazi iko kule. Ghala lina mulango wake mukubwa, na mulango huo umekaa karibu sana na sentineli wa nje, karibu ya kugusana. Kwenye nyama ya muguu sentineli hangoji mugeni aingie. Akisikia umeme anavuta tu, na mulango wa ghala unafunguka kwa kuvutwa. Kalsiamu inamwagika, nyuzi ndogo za ndani zinashikana na kuvutana, muguu unainuka. Halafu kuna vibarua wanaorudisha kalsiamu ghalani, moja moja, kwa jasho, na muguu unalegea. Wasipoirudisha, nyama inabaki ngumu, sawa mbuzi aliyekufa tangu asubuhi.

Moyo una mulango mwingine, binamu wa huu. Pale kuvuta hakutoshi. Lazima kalsiamu yenyewe iingie kidogo kutoka nje, igonge ghala, ndipo ghala lifunguke. Sawa ile nyumba ya jirani wa patron, ambako gari likishaingia lango la kwanza linapiga tena klaksoni kwa la pili. Nikamwambia Docta, basi moyo wetu hauna kasoro. Akasema kasoro hiyo hauna. Ikanipendeza sana, mpaka akaongeza kwamba potasiamu ikishuka sana kwenye damu, hata moyo mzima unaweza kupoteza hatua, na ukipoteza hatua unaweza kusimama. Hapo nikaacha utani. Unakumbuka.

Kasoro yetu iko kwa sentineli. Chaji moja kwenye mushono wake imeshonwa vibaya, basi. Moja tu, katika kamba ndefu vile. Mulango wenyewe unafunga vizuri, tundu la katikati halina shida. Kinachovuja ni pembeni, pale sentineli anapotelezea, kama maji yanayopita kwenye bawaba. Siku za kawaida hauoni kitu. Lakini ukibeba mizigo, ukala bugali nyingi, ukalala, sukari inaita insulini, insulini inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya nyama. Damu ikibaki na kidogo, kale kavujo kadogo kanashinda. Ukuta unapoteza ile nguvu yake ya kungoja. Umeme unakuja, haupiti. Klaksoni inalia lakini sentineli hasikii. Ghala limejaa kalsiamu, nyuzi ziko tayari, weye uko tayari, na hakuna anayefungua.

Na seromu ya sukari ni kuongeza kazi hiyohiyo. Ndiyo bugali ya tatu, inaingia kwa sindano.

Niliposikia yote haya nilimufikiria Faida na jungu lake. Ladha kidogo. Hakukuwa hata na ladha, kulikuwa na mushono mumoja.

Sasa uone dharau ya mwili wetu. Siku unapohitaji kueleza, ndiyo siku ulimi unalegea sawa nyasi iliyokatwa. Utalala pale, utasikia kila kitu, utasikia mutu mwema anaenda kutafuta seromu, na utataka kusema hapana. Kwa hiyo hiyo hapana lazima iwe imewekwa ndani ya mutu mwingine mapema, mutu aliyesimama. Docta hawezi kuwa huko. Mimi fimbo yangu haifiki. Murhula anafika, kitanda chake kitakuwa pembeni ya chako. Ana maneno machache tu ya kushika: bugali kidogo, usilale mara moja baada ya kazi nzito, chumvi ya chupa kwa kipimo cha Docta bila kuzidisha, hospitali mbio, na sukari kwenye mushipa hapana. Mutu anayekumbuka wachezaji wote wa timu yake hawezi kushindwa na hayo.

Ungeniuliza, basi Papa, kwa nini hukumwambia weye? Nilijaribu. Ulipotoka kwenda kuchota maji tulibaki wawili. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, mutoto mwenye adabu:

"Papa, Ombeni iko na shida gani? Hakuli."

Nilifungua mudomo. Unajua nini kilitoka?

"Anaogopa safari tu."

Muzee huyu, aliyekuandikia kurasa zote hizi. Lilitoka lenyewe, laini, limevaa shati safi. Sijui kama nilinyamaza kwa kukuheshimu au kwa mazoea, na nikisema ni heshima nitakuwa nimekudanganya mara ya pili jioni moja. Ndipo nikaona kwamba nisipofanya kitu na mwili wangu, mudomo wangu hautafika popote.

Kwa hiyo tuje kwenye sahani.

Mchana ulinigombeza kwa nini nabeba sanduku lako mwenyewe mpaka ofisi ya basi juu barabarani, na miguu hii iliyokwisha, eti kijana wa mukokoteni yupo. Ulifikiri ni kichwa kigumu. Na kilikuwa kichwa kigumu; jioni ndipo nikaona kwamba kazi nzito nimeshaifanya. Jioni nilimuomba Maman Jakelina anisongee bugali ya mubebaji, sahani ya kilima, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Akauliza nina wageni wangapi. Nikamwambia mumoja, na anaweza asije.

Unaona mutego wote sasa. Kazi nzito nimefanya. Bugali iko. Chai iko. Kimebaki kula na kulala, na nitalala hapahapa nilipo, mbele ya mulango wako. Mulango huu unafungukia nje, nilihakikisha mbele ya kukaa. Asubuhi utausukuma na hautafunguka, maana nitakuwa nyuma yake sawa gunia, macho tu. Mutapita dirishani. Murhula atauliza, "Papa amefanya nini?" Na pale mbele yangu, nikiwa nasikia kila neno, utachagua: kumwambia amepewa karuho, amelewa, ana tumbo, au kumwambia ukweli. Utachagua huku basi linapiga klaksoni.

Docta alisema uzee umenipunguzia mashambulio lakini umenichosha moyo, na shambulio kubwa nisilitafute. Sikulitafuta kwa miaka. Sijui litanifanya nini. Hiyo ndiyo sehemu isiyokuwa ya utani, na nimeiandika kwa mukono uliotulia, angalia herufi.

Unaweza kusema ni vibaya baba kumufanyia mutoto hivi. Ni vibaya. Mama yako angekuwepo angenipokonya sahani na kunipiga nayo. Lakini yeye ningeweza kumwambia kwa maneno nikachelewa, sasa kwako natumia kile nilichobaki nacho.

Sikulazimishi kuwa shujaa. Muite Murhula, muambie kuna mulango unavujia pembeni, muambie hata hilo jina la Lazaro kama unataka, acheke, na weye ucheke. Akiwa mutu, atauliza maswali. Akiwa si mutu, ni heri ujue hapa, ukiwa bado na kitanda kwetu, kuliko ujue kule.

Chupa ya potasiamu nimeisimamisha pembeni ya sahani. Ukifungua mulango utakuta kimoja kati ya viwili kimeguswa.

Nimezima tochi kutunza betri, naandika mustari huu kwa kupapasa. Nimefunua sahani. Bugali bado ina moto, nasikia harufu yake, na Mungu anisamehe, Maman Jakelina anajua kusonga.

Mwamshe sasa. Na uongee kwa sauti, mwanangu, maana niko nyuma ya mbao na masikio yangu si ya Kalehe tena.

Papa